Hewa, Maziwa na Muda: Matunzo ya Nafuu kwa Akina Mama na Watoto Wachanga katika Mitaa ya Mafukara ya New York, Boston na Chicago, 1870–1930

IKISIRI

Insha hii inachunguza historia ya matunzo ya nafuu, yaani huduma za kuwarejeshea afya akina mama na watoto wachanga wa mitaa ya mafukara, katika miji mitatu ya Marekani kati ya mwaka 1870 na 1930. Inafuatilia hatua nne: hewa safi iliyotolewa melini na ufukweni, maziwa salama, mafunzo ya majumbani, na hatimaye mjadala kuhusu kipato na muda wa mama. Hoja kuu ni kwamba mama aliingizwa katika huduma hizo akiwa msindikizaji wa mgonjwa, ilhali yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa pili, na kwamba kila kilichotolewa kilikuwa chepesi kutoa kuliko kile alichokihitaji zaidi. Insha inahitimisha kwamba wafadhili na serikali walifaulu kupunguza vifo vya watoto, lakini walisita kugharimia kupumzika kwa mama.

1.0 Utangulizi

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, mwanamke aliyetoka kujifungua huitwa mzazi, na kwa siku 40 hahesabiwi miongoni mwa watu wa kazi. Hupikiwa uji wa pilipili manga, hukandwa kwa maji ya moto na hulala na mwanawe, huku shughuli za nyumba zikishikwa na mama yake, dada zake au mawifi zake. Desturi hiyo huelezwa kwa kawaida kuwa ni mila. Hata hivyo, mwanahistoria wa afya anaweza kuisoma pia kuwa ni mpango wa kugawana muda: mzazi hupumzika kwa sababu wanawake wengine wanafanya kazi zake. Mpango huo ukivunjika, kwa uhamiaji au kwa umaskini wa mjini, swali linabaki palepale: nani atamfanyia kazi mzazi ili apate nafuu?

Swali hilo si la mwambao peke yake. Mambo ya Walawi, kitabu kinachosomwa na Wayahudi na Wakristo, huhesabu siku 40 baada ya kuzaliwa mtoto wa kiume na 80 baada ya kuzaliwa wa kike. Wanawake wa Kiitaliano na wa Kiyahudi waliohamia Marekani mwishoni mwa karne ya 19 walitoka katika jamii zilizokuwa na desturi zao za kumhudumia mzazi. Walipofika New York, Boston au Chicago, wengi walijikuta katika vyumba vya kupanga, mbali na mama zao na dada zao, huku mume akiwa kiwandani na kodi ikidaiwa.

Katika insha hii, istilahi ya matunzo ya nafuu inatumika kwa maana ya huduma zinazotolewa katika kipindi kilicho kati ya ugonjwa na uzima. Homa imeshuka, kuhara kumekoma, majeraha ya uzazi yameanza kufunga, lakini mwili bado haujaweza kurudi kazini. Kwa tajiri, kipindi hicho kilipitishwa mashambani au ufukweni. Kwa fukara hakikuwapo. Insha inahusu juhudi za kukitengeneza kipindi hicho kwa watu wasiokuwa nacho.

2.0 Muktadha: Nyumba, Joto na Maziwa

Juhudi zilizofuata haziwezi kueleweka pasipo kwanza kuitazama nyumba ambamo mgonjwa alitoka. Katika jiji la New York, viwanja vingi vya ujenzi vilikuwa na upana wa futi 25 na urefu wa futi 100. Baada ya mwaka 1879, wajenzi walijaza viwanja hivyo kwa majengo ya ghorofa tano au sita, kila ghorofa likiwa na makao ya familia nne. Vyumba vya mbele na vya nyuma vilipata dirisha la barabarani au la uani. Vyumba vya kati, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vya kulala, vilitazama kishimo chembamba cha hewa kilichopita kati ya jengo na jengo. Kishimo hicho kilikusudiwa kuingiza hewa, lakini mara nyingi kiligeuka kuwa jalala, na moto ulipozuka kilikuwa bomba la kupandishia miali. Jacob Riis aliyaonyesha makazi hayo kwa picha na maelezo katika kitabu chake cha mwaka 1890, *How the Other Half Lives*. Sheria ya mwaka 1901 ndiyo iliyolazimisha majengo mapya kuwa na ua mpana zaidi, dirisha katika kila chumba na choo ndani ya makao. Majengo ya zamani, hata hivyo, yaliendelea kukaliwa kwa miaka mingi.

Wakati wa kiangazi vyumba hivyo vilikuwa tanuri. Agosti 1896, wimbi la joto liliua zaidi ya watu 1,000 katika jiji la New York. Watu walilala juu ya mapaa na kwenye ngazi za dharura, na baadhi yao walianguka usingizini wakafa. Lakini hata katika kiangazi cha kawaida kulikuwa na maradhi yaliyorudi kila mwaka, nayo yalikuwa kuhara kwa watoto wachanga. Maziwa ya ng'ombe yalisafirishwa kwa reli kutoka mashambani, yakauzwa madukani kutoka katika makopo yaliyoachwa wazi, kisha yakawekwa katika chumba kisicho na barafu. Kufikia jioni vijidudu vilikuwa vimeongezeka mno. Mtoto aliyeyanywa angeweza kuishiwa maji mwilini kwa siku moja au mbili.

Mtoto anayenyonya alikuwa salama zaidi, na jambo hilo lilijulikana. Kilichokosekana kilikuwa hali ya kumwezesha mama kunyonyesha. Mama aliyerudi kiwandani hakuweza kurudi nyumbani kila baada ya saa tatu. Aliyebaki nyumbani naye hakuwa amepumzika: alishona suruali za kiwanda kwa malipo ya kipande, alitengeneza maua ya bandia, alifua nguo za watu au alipokea wapangaji ili kodi itimie. Mwili wake uliokuwa bado na majeraha ya uzazi ulikuwa pia chombo cha kuingizia kipato. Kwa hiyo, mtoto alipougua, chanzo cha ugonjwa kilikuwa ndani ya chupa, lakini sababu ya kuwapo kwa chupa ilikuwa katika mgawanyo wa muda wa mama.

3.0 Hewa: Meli na Fukwe

Jibu la kwanza la wafadhili lilikuwa hewa. Katika jiji la New York, chama cha St. John's Guild, kilichoanzishwa mwaka 1866, kilianza katika miaka ya mwanzo ya 1870 kuwapeleka watoto mafukara na mama zao katika safari za bure majini. Safari hizo zikawa hospitali inayoelea. Mojawapo ya vyombo vyake vya awali kilipewa jina la Emma Abbott, mwimbaji wa opera aliyesaidia kukusanya fedha. Mwaka 1899 chombo kingine, *Helen C. Juilliard*, kilianza kazi.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Asubuhi, mama alifika gatini akiwa amembeba mtoto mgonjwa, na mara nyingi akiwashika mkono wadogo wengine. Daktari aliwapima kabla hawajapanda, kwa kuwa surua, dondakoo au kifaduro kingeweza kuenea melini na kuugeuza msaada kuwa msiba. Waliopita walipewa nafasi sitahani penye kivuli na upepo. Mtoto alitibiwa, akaogeshwa, akapewa maziwa. Mama alipewa chakula. Jioni chombo kilirudi gatini na kila mmoja akarejea alikotoka. Kwa watoto ambao siku moja haikuwatosha, chama kilijenga katika miaka ya 1880 hospitali ya ufukweni huko New Dorp, kisiwani Staten Island, ambako walilazwa pamoja na mama zao.

Neno "pamoja" linastahili kuzingatiwa. Hospitali za watoto za wakati huo ziliwawekea wazazi mipaka mikali, na kumtembelea mtoto aliyelazwa kuliruhusiwa kwa siku na saa chache tu. Meli zilifanya kinyume. Hazikufanya hivyo kwa nadharia yoyote ya malezi, bali kwa lazima: mtoto anayenyonya hawezi kutenganishwa na mama, na chombo cha safari ya siku moja hakikuwa na wauguzi wa kutosha kumbeba kila mtoto. Kutokana na lazima hiyo kulipatikana jambo ambalo hospitali za nchi kavu hazikuwa nalo. Kwa saa kadhaa, mama aliketi, akala chakula asichokipika mwenyewe, na akasaidiwa kumshika mtoto.

Katika mji wa Boston, fikra hiyo ilichukuliwa na Mchungaji Rufus Tobey wa Kanisa la Congregational. Inasimuliwa kwamba aliwaona akina mama wakitembea usiku juu ya daraja la South Boston huku wamewabeba watoto wagonjwa, wakitafuta upepo wa bahari ambao haukufika vyumbani mwao. Simulizi hiyo ina maana kubwa kwa hoja yetu, kwa sababu inaonyesha kwamba tiba ya hewa haikubuniwa na wafadhili. Akina mama walikuwa tayari wanaitumia, kwa miguu yao wenyewe na katika saa ambazo walipaswa kulala. Tobey, akijua pia kazi iliyofanywa New York, alikodi tishari lililoitwa *Clifford*, na mwaka 1894 safari za kwanza zilifanyika katika bandari ya Boston.

Tishari hilo halikuwa na injini na lilikokotwa na boti nyingine, lakini mafanikio yake yaliwezesha kujengwa kwa meli maalumu mwaka 1906. Meli mpya ilikuwa hospitali kamili. Ilikuwa na wodi, maabara ya maziwa, nafasi ya wagonjwa wa kutwa na ya waliolazwa, na mtambo wa kupoza na kukausha hewa ya wodi, jambo lililokuwa geni kabisa katika hospitali za zama hizo. Wauguzi walikwenda humo kujifunza uuguzi wa watoto wachanga. Utafiti wa maabara kuhusu lishe ulizaa baadaye, kwa kazi ya Alfred Bosworth na Henry Bowditch, fomula ya maziwa iliyokuja kuuzwa kwa jina la Similac.

Chicago haikuwa na bahari, lakini ilikuwa na Ziwa Michigan. Gazeti la *Chicago Daily News* liligharimia kituo cha hewa safi kwa watoto wagonjwa katika bustani ya Lincoln Park, ambako mama angeweza kushinda na mwanawe kando ya maji bila malipo. Jengo la kudumu la kituo hicho, lililochorwa na msanifu Dwight Perkins, lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kusini mwa jiji, jengo la La Rabida lilikuwa nakala ya nyumba ya watawa ya Kihispania iliyojengwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1893. Baada ya maonyesho liliachiwa jiji, na mwaka 1896 likafunguliwa kuwa kituo cha kupumzikia watoto wagonjwa na mama zao.

Tukivilinganisha vituo vya Boston na La Rabida katika muda mrefu, tunaona mwelekeo unaofanana. Meli ya Boston iliungua mwaka 1927 na hospitali ikahamia nchi kavu mwaka 1931, ikawa hospitali ya watoto. La Rabida liliungua mwaka 1922, likajengwa upya mwaka 1932, na baadaye likajikita katika watoto wenye maradhi ya moyo yatokanayo na homa ya baridi yabisi. Kadiri vituo vilivyopata vifaa, maabara na wataalamu, ndivyo shabaha ilivyozidi kuwa mwili wa mtoto. Hayo yalikuwa maendeleo ya kweli ya tiba, na watoto wengi waliokolewa nayo. Lakini katika mabadiliko hayo, kiti cha mama sitahani kilitoweka. Alikuwa amepewa nafasi kwa sababu ya mtoto, na mtoto alipopata wataalamu wake, sababu hiyo ikaisha.

4.0 Maziwa: Tiba Inayokwenda Nyumbani

Udhaifu wa tiba ya hewa ulionekana kila jioni, chombo kilipofunga gati. Mtoto aliyepata nafuu mchana alirudi katika chumba kilekile, kwenye kopo lilelile la maziwa. Jibu la pili lilikuwa kuyafuata maziwa.

Mwaka 1893, mfanyabiashara Nathan Straus alifungua katika mtaa wa Lower East Side, New York, kituo cha kuuzia maziwa yaliyopashwa moto kwa kiwango cha kuua vijidudu bila kuyaharibu. Maziwa yaliuzwa kwa bei ndogo, na kwa wasio na uwezo yalitolewa bure. Yaliwekwa katika chupa za mlo mmoja mmoja, ili mama asilazimike kuhifadhi kopo lililofunguliwa. Vituo vya aina hiyo viliongezeka, na Straus akawa mtetezi mkubwa wa sheria ya kulazimisha usalama wa maziwa. Mwaka 1908 Chicago ilitunga sheria ya namna hiyo, ikiwa mji mkubwa wa kwanza nchini humo kufanya hivyo.

Kwa mtazamo wa matunzo ya nafuu, maziwa salama yalikuwa na faida mbili juu ya meli. Kwanza, yalifika nyumbani, siku zote na si kwa siku moja ya safari. Pili, hayakuhitaji mama aache kazi. Hata hivyo, faida hiyo ya pili ndiyo inayoonyesha upungufu wake. Chupa salama ilimwezesha mtoto kuishi pasipo kunyonya na ilimwezesha mama kurudi kazini mapema bila kuhofia kifo cha mwanawe. Haikumwondolea uchovu wala haikumpa siku ya kupona. Kuhusu mwili wa mama mwenyewe, chupa haikuwa na la kusema.

5.0 Maarifa: Muuguzi Mlangoni

Jibu la tatu lilikuwa muuguzi. Mwaka 1893 Lillian Wald alianzisha huduma ya uuguzi wa majumbani huko Lower East Side, iliyokua na kujulikana kwa jina la Henry Street Settlement. Wauguzi wake walipanda ngazi, na pengine walivuka mapaa kutoka jengo hadi jengo ili kuepuka kushuka na kupanda upya. Waliuguza wazazi na watoto katika vitanda vyao wenyewe. Henry Street ilikuwa pia na nyumba za mapumziko nje ya jiji kwa waliohitaji kuondoka kwa siku kadhaa. Kwa muuguzi anayeingia chumbani, lisingeweza kufichika lile ambalo daktari wa melini hakuliona: mtoto alikuwa mgonjwa mmoja tu miongoni mwa wawili, na mara nyingine mama ndiye aliyekuwa taabani zaidi.

Mfumo wa kiserikali ulifuata. Kiangazi cha mwaka 1908, Dkt. S. Josephine Baker wa idara ya afya ya New York alifanya jaribio katika wilaya moja ya Lower East Side. Wauguzi wa shule, ambao hawakuwa na kazi wakati wa likizo, walipewa kila siku majina na anwani za watoto waliosajiliwa kuzaliwa. Walimtembelea kila mama mapema iwezekanavyo, mtoto akiwa bado mzima, wakamfundisha kunyonyesha, kumwogesha mtoto, kumvika nguo nyepesi na kufungua madirisha. Kwa mujibu wa Baker, mwishoni mwa kiangazi vifo vya watoto katika wilaya hiyo vilikuwa vimepungua kwa takriban 1,200 vikilinganishwa na vya kiangazi kilichotangulia. Mwaka huohuo jiji lilianzisha Ofisi ya Afya ya Mtoto, Baker akiwa mkuu wake.

Mafanikio hayo yalikuwa makubwa, na insha hii haikusudii kuyapunguza. Lakini mradi mwingine wa Baker unafichua mipaka yake. Kuanzia mwaka 1910, ofisi yake iliunda vyama vya "mama wadogo", ambamo wasichana wa shule, wenye umri wa miaka 12 hivi, walifundishwa kuwatunza wadogo zao wachanga. Mradi ulikuwa wa busara, kwa kuwa wasichana hao ndio waliokuwa wakilea mchana kutwa. Na hilo ndilo jambo la kuzingatia. Mama alifundishwa namna ya kunyonyesha na kumwogesha mtoto, lakini hakuwapo nyumbani kuyatenda. Aliyekuwapo alikuwa mtoto mwingine. Maarifa yalipokosa mtu mwenye muda wa kuyatumia, yalihamishiwa kwa msichana ambaye muda wake haukuwa na bei.

6.0 Muda na Kipato: Kile Kilichokuwa Kizito Kutoa

Mwaka 1912 serikali ya Marekani iliunda Ofisi ya Watoto, ikiongozwa na Julia Lathrop, aliyewahi kufanya kazi katika kituo cha Hull House huko Chicago. Uchunguzi wake mkubwa wa kwanza ulifanyika mwaka 1913 katika mji wa viwanda wa Johnstown, Pennsylvania. Badala ya kuanzia kwa watoto waliokufa, wachunguzi walianzia kwa watoto wote waliozaliwa katika mwaka mmoja, wakafuatilia maisha ya kila mmoja nyumbani kwao. Ripoti iliyochapishwa mwaka 1915 ilionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 134 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Wastani huo, hata hivyo, ulificha tofauti kubwa. Katika familia ambazo baba alipata chini ya dola 521 kwa mwaka, vifo vilizidi 250 kwa kila 1,000. Baba alipopata dola 1,200 au zaidi, vilikuwa takriban 84.

Matokeo hayo yaliugeuza mjadala. Hapo awali iliwezekana kusema kwamba mtoto alikufa kwa sababu ya joto, maziwa machafu au ujinga wa mama, na kila sababu ilikuwa na dawa yake: meli, chupa au muuguzi. Johnstown ilionyesha kwamba sababu hizo zote zilifuata kipato. Familia yenye kipato kidogo iliishi penye hewa chafu, ilinunua maziwa ya bei ndogo, na mama wa familia hiyo alirudi kazini mapema. Ikiwa hivyo ndivyo, basi tiba iliyobaki ilikuwa kumlipa mama ili apumzike.

Hatua zilichukuliwa, lakini kwa kusitasita. Mwaka 1911 jimbo la Illinois lilikuwa la kwanza kutunga sheria ya jimbo zima ya kuwapa fedha wazazi mafukara ili wawalee watoto nyumbani, na kufikia mwaka 1920 takriban majimbo 40 yalikuwa na sheria zinazofanana nayo. Walionufaika walikuwa hasa wajane, na mara nyingi walipaswa kuthibitisha kwamba nyumba na mwenendo wao vinafaa. Mama mwenye mume anayefanya kazi kwa ujira duni, ambaye ndiye aliyejaza meli za hewa safi, hakuwa mlengwa.

Mwaka 1921 Bunge lilipitisha Sheria ya Sheppard-Towner, iliyotoa fedha kwa majimbo kwa ajili ya vituo vya ushauri na wauguzi wa wazazi na watoto. Ilikuwa hatua ya kihistoria. Hata hivyo, sheria hiyo yenyewe ilikataza fedha zake zisitumike kumlipa mzazi pensheni, posho au bahashishi yoyote. Maarifa yaliruhusiwa, lakini kipato kilipigwa marufuku kwa maandishi. Hata huduma hiyo ya ushauri ilipingwa na Chama cha Madaktari cha Marekani, na sheria ikaachwa ikome mwaka 1929.

Katika kipindi hichohicho, mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani, uliofanyika Washington mwaka 1919, ulipitisha mkataba uliomkataza mwajiri kumfanyisha kazi mwanamke katika wiki sita baada ya kujifungua. Ulimpa pia haki ya kuondoka kazini wiki sita kabla, pamoja na malipo ya kumtosha yeye na mtoto katika afya njema. Wiki sita ni siku 42, hesabu isiyo mbali na arobaini ya mwambao wala na ile ya Mambo ya Walawi. Mkataba huo ulipitishwa katika mji mkuu wa Marekani, lakini Marekani haikuuridhia. Sheria yake ya likizo ya familia ilikuja mwaka 1993, na wiki 12 inazozitoa hazina malipo.

7.0 Tathmini

Kutokana na hatua nne zilizoelezwa, hoja tatu zinajitokeza.

Kwanza, mfuatano wa huduma haukuongozwa na maendeleo ya sayansi peke yake. Uliongozwa pia na urahisi wa kutoa. Hewa haikuwa na mwenyewe, hivyo ilitolewa kwanza. Maziwa yaliweza kununuliwa na mfadhili mmoja mwenye moyo. Maarifa yaliweza kugharimiwa na jiji. Muda wa mama ulikuwa na mmiliki, naye alikuwa mwajiri, mwenye nyumba, au mahitaji ya familia yenyewe. Kuutoa kulihitaji mtu mwingine apoteze kitu.

Pili, mama alionekana kwa jicho la mtoto. Wafadhili walihesabu watoto waliopona na serikali ikahesabu vifo vya watoto, lakini nafuu ya mama haikuwa na safu yake katika majedwali. Jambo lisilohesabiwa haliombewi fedha. Hii ndiyo sababu, kwa maoni ya mwandishi, vituo vilivyoanza kwa kuwapokea wawili viliishia kumpokea mmoja.

Tatu, itakuwa kosa kuzihukumu meli hizo kuwa hadaa. Upo mwelekeo wa kuuona ufadhili wa zama hizo kuwa ni njia ya kuepuka mabadiliko ya kweli. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inasahau kwamba mama aliyesimama gatini alfajiri hakuwa akingojea mabadiliko ya sheria. Alikuwa na mtoto anayekauka midomo. Siku moja ya upepo, maziwa safi na sahani ya chakula ilikuwa tofauti kati ya kuzika na kutozika. Kosa la wafadhili halikuwa kutoa siku hiyo, bali kuamini kwamba siku hiyo inatosha.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Insha imeonyesha kwamba matunzo ya nafuu katika miji mitatu ya Marekani yalipita kutoka hewa hadi maziwa, kutoka maziwa hadi maarifa, na kuishia mlangoni mwa suala la muda na kipato bila kuingia. Vifo vya watoto vilipungua sana, na sifa hiyo inawastahili Tobey, Straus, Wald, Baker, Lathrop na wauguzi wengi wasiotajwa. Lakini mapumziko ya mama yalibaki kuwa fadhila ya siku moja kwa wengi, na haki ya wachache.

Inapendekezwa kwamba watafiti wa Afrika Mashariki walichukue swali hili katika miji yao wenyewe. Nchini Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, lakini mama lishe na muuza mbogamboga hawana mwajiri wa kuwalipa. Katika chumba cha kupanga cha Manzese au Tandale, mbali na mama na mawifi, arobaini inahitaji kutafitiwa kwa maswali yaleyale yaliyoulizwa Johnstown: nani anapika, nani anafua, nani anakaa na meza ya biashara, na mzazi anarudi kazini siku ya ngapi? Tafiti zinazohesabu wagonjwa wote wawili, mtoto na mama yake, zitajaza safu ambayo majedwali ya New York, Boston na Chicago yaliiacha tupu.